Taja Bei Yako: Aina za Oda za Hisa kwa Mnunuzi wa Bariadi

Mkulima wa pamba wa Simiyu hupanda bila kujua bei atakayouzia. Akifikisha mzigo kwenye chama chake cha ushirika, AMCOS, bei dira ya msimu, yaani bei ya chini ya kununulia pamba, imeshatangazwa, na kilichobaki kwake ni mizani na kusubiri malipo. Bei yenyewe hufuata nyuzi zinavyouzwa katika soko la dunia, ambako yeye hana sauti. Lakini mkulima huyohuyo, au mwalimu, au mfanyabiashara wa Bariadi mjini, akitenga sehemu ya fedha zake kununua hisa za kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, anapata kitu ambacho pamba haimpi: haki ya kusema, "Mimi sizidi hapa." Hata akitaka hisa hamsini tu, anaweza kuandika bei anayoikubali, na hakuna atakayemuuzia kwa bei ya juu zaidi ya hiyo.

Haki hiyo imo ndani ya oda, yaani maelekezo anayompa dalali wa hisa. Wengi huitoa bure bila kujua, kwa maneno machache ya simu: "Ninunulie za laki tano." Maneno hayo yametaja kiasi cha fedha na kuacha mengine yote. Hayakutaja bei. Hayakusema oda idumu kwa muda gani. Hayakusema la kufanya kama hisa zitapatikana nusu. Yote hayo ameachiwa dalali na soko.

Hoja ya uchambuzi huu ni moja. Kila aina ya oda ni chaguo kati ya mashaka mawili: shaka ya bei na shaka ya kupata. Ukitaka uhakika wa kupata hisa leo, unabeba shaka ya bei. Ukitaka uhakika wa bei, unabeba shaka kwamba huenda usipate. Hakuna oda inayoondoa yote mawili. Na kwa mtu mwenye mtaji mdogo, anayenunua katika soko lenye wauzaji wachache, shaka ya bei ndiyo yenye madhara makubwa. Kwa hiyo oda ya bei kikomo, yenye muda maalumu, ndiyo iwe kanuni yake, na nyingine zote ziwe za nadra zenye sababu.

Walioingia kwa mlango usio na oda

Ili kuelewa kwa nini kuandika oda hakujazoeleka, ni vizuri kukumbuka namna Watanzania wengi walivyoupata umiliki wao wa kwanza. DSE ilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL. Umma wa mikoani, hata hivyo, uliingia kwa wingi baadaye, kupitia mauzo ya awali ya hisa. Hisa za NMB ziliuzwa kwa Sh600 mwaka 2008. Za CRDB ziliuzwa kwa Sh150 mwaka 2009. Mwaka 2015 Benki ya Biashara ya Mwalimu iliuza zake kwa Sh500, na walimu wa nchi nzima wakanunua. Mwaka 2017 ikaja Vodacom Tanzania kwa Sh850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma.

Katika mauzo ya awali, bei ni moja kwa wote. Unajaza fomu kwenye tawi la benki, unalipa, unasubiri mgao. Hakuna anayekuuliza unataka bei gani, kwa sababu haipo nyingine. Mtu aliyenunua hisa zake zote kwa njia hii anaweza kukaa miaka kumi akiwa mwanahisa halali, akipokea gawio lake, bila kuwahi kuandika oda hata moja.

Siku anapotaka kuuza ili alipe ada ya mtoto, au kuongeza hisa baada ya mauzo mazuri ya choroko, anakutana na soko la pili, ambalo wanahisa huuziana wenyewe kwa wenyewe. Humo hakuna bei iliyochapishwa kwenye fomu. Kuna wanunuzi na wauzaji, kila mmoja na bei yake, na mfumo wa kompyuta unaowakutanisha. Kinachoamua utapata nini ni oda uliyoandika.

Bei iliyotangazwa na bei utakayopata

Kila kampuni iliyo sokoni ina daftari lake la oda ndani ya mfumo. Upande mmoja wamo wanunuzi, wakipangwa kuanzia anayetoa bei ya juu zaidi. Upande wa pili wamo wauzaji, wakipangwa kuanzia anayeomba bei ya chini zaidi. Mwenye bei nzuri zaidi hutangulia; wenye bei sawa hutanguliwa na aliyewahi kuweka oda. Bei zikikutana, muamala unafanyika. Zisipokutana, wote wanasubiri.

Tuchukue kampuni ya mfano, tuiite Kampuni A. Bei yake iliyosomwa redioni jana ni Sh600. Leo asubuhi daftari lake liko hivi. Upande wa wauzaji kuna hisa 200 kwa Sh600, hisa 500 kwa Sh610, na hisa 1,000 kwa Sh640. Upande wa wanunuzi kuna anayetaka hisa 300 kwa Sh590, na mwingine anayetaka hisa 800 kwa Sh585.

Hapo kuna somo la kwanza, na ndilo la msingi kuliko yote. Sh600 iliyosomwa redioni si bei ya kampuni. Ni bei ya muamala wa mwisho uliofanyika. Inakwambia watu wawili walikubaliana nini jana. Haisemi leo kuna hisa ngapi za kuuzwa kwa bei hiyo. Katika daftari hili ziko 200 tu. Na anayetaka kuuza leo hapati Sh600. Anapata Sh590, tena kwa hisa 300 za kwanza pekee.

Katika DSE tofauti hii ina uzito mkubwa kuliko katika masoko ya nchi tajiri. Kampuni zilizoorodheshwa ni takriban 30, na baadhi zina mwanahisa mmoja mkubwa asiyeuza. Vodacom Group inashikilia asilimia 75 ya Vodacom Tanzania. Kampuni ya Sigara, TCC, nayo ina mmiliki mmoja wa asilimia 75. Hisa za kampuni ya bia ya TBL zilikaa kwenye Sh10,900 kwa miaka kadhaa bila bei kutikisika. Msomaji wa jedwali anaweza kudhani hiyo ni ishara ya utulivu. Mara nyingi ni ishara kwamba hakuna wa kuuziana naye.

Hata takwimu za mauzo ya wiki zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. DSE ina ubao wa kawaida na ubao wa miamala mikubwa iliyokwishapangwa kati ya mnunuzi na muuzaji. Mifuko miwili ya uwekezaji ikibadilishana hisa za mabilioni ya shilingi kwa siku moja, mauzo ya wiki yanaonekana makubwa sana, lakini fedha hizo hazikupita kwenye daftari ambalo oda ya mtu wa Bariadi inasubiri. Anayeuliza ukwasi wa hisa aulize hivi: katika siku za kawaida, kwenye ubao wa kawaida, zinauzwa hisa ngapi, na wauzaji watatu wa mwanzo wana hisa ngapi kwa bei gani?

Oda ya bei ya soko

Oda ya bei ya soko inasema: ninunulie sasa, kwa bei yoyote iliyopo. Faida yake ni kasi. Maadamu kuna wauzaji, itatekelezwa. Gharama yake huonekana baadaye.

Turudi kwa Kampuni A. Mnunuzi ametaka hisa 1,000 kwa bei ya soko. Mfumo unachukua 200 kwa Sh600, zinakuwa Sh120,000. Unachukua 500 kwa Sh610, zinakuwa Sh305,000. Bado 300, na muuzaji aliyefuata yuko kwenye Sh640, kwa hiyo zinaongezeka Sh192,000. Jumla ni Sh617,000. Mnunuzi alidhani ananunua kwa Sh600. Amenunua kwa wastani wa Sh617. Hakuna aliyemdanganya. Aliruhusu mwenyewe.

Tuseme baadaye akapata dharura, wanunuzi wakiwa walewale, akaamua kuziuza zote kwa bei ya soko. Hisa 300 zinakwenda kwa Sh590 na 700 zilizobaki kwa Sh585. Anapata Sh586,500. Amepoteza Sh30,500 kwa sababu tu ya pengo kati ya wanunuzi na wauzaji. Na hapo bado hajahesabu ada. Kwa miamala midogo ya DSE, malipo ya dalali pamoja na ada za soko, za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, na za uhifadhi wa hisa hufika kama asilimia 2 ya thamani, wakati wa kununua na tena wakati wa kuuza. Ukijumlisha yote, karibu asilimia 9 ya fedha zake imekwenda, ilhali kampuni yenyewe haijafanya kosa lolote.

Je, oda hii haina kazi? Inayo. Inafaa pale ambapo hisa zina wanunuzi na wauzaji wengi, pengo la bei ni dogo, na kiasi unachotaka ni kidogo kuliko kilichopo kwenye bei ya kwanza. Mtu anayenunua hisa 100 za Safaricom katika soko la Nairobi, ambako hisa hizo ni miongoni mwa zinazouzwa kwa wingi zaidi Afrika Mashariki, hataona tofauti kubwa. Kwa DSE, hisa za CRDB na NMB ndizo zinazokaribia hali hiyo katika siku nyingi. Inafaa pia kwa mwenye dharura ya kweli, ambaye kuchelewa siku tatu kuna hasara kubwa kuliko kupoteza shilingi chache kwa kila hisa. Nje ya hapo, oda ya bei ya soko ni kumkabidhi mtu usiyemjua pochi iliyo wazi.

Oda ya bei kikomo

Oda ya bei kikomo inasema: ninunulie, lakini usizidi bei hii. Kwa muuzaji inasema: niuzie, lakini usishuke chini ya hapa. Mnunuzi wa Kampuni A angeandika kikomo cha Sh610, angepata hisa 200 kwa Sh600 na 500 kwa Sh610, jumla 700 kwa Sh425,000. Zile 300 zilizobaki zisingemfuata muuzaji wa Sh640. Zingebaki kwenye daftari zikisubiri kwa Sh610, na yeye angekuwa mnunuzi wa mbele kabisa. Muuzaji yeyote mpya mwenye haraka angeanza na yeye.

Maana ya kikomo si bei utakayolipa. Ni bei ya mwisho unayoivumilia. Ukiandika Sh610 na muuzaji yupo kwa Sh600, unapata kwa Sh600. Wengi huogopa kuandika bei ya juu kidogo wakidhani watatozwa hiyohiyo, kwa hiyo huandika bei ya chini mno na kukosa.

Hapa ndipo lilipo tatizo la upande wa pili, na watu wa Simiyu wameliona kwa macho. Msimu wa 2019 bei dira ya pamba ilitangazwa kuwa Sh1,200 kwa kilo. Ilikuwa bei nzuri kwa mkulima. Bei ya nyuzi duniani ikashuka, na wanunuzi wakaona kwamba kwa Sh1,200 wataingia hasara. Ununuzi ukasuasua, pamba ikarundikana kwenye maghala, wakulima wakakaa muda mrefu wakisubiri fedha zao, mpaka Serikali ikalazimika kuingilia kati. Bei iliyowekwa ili kumlinda muuzaji ilikuwa juu ya bei ambayo mnunuzi yeyote alikuwa tayari kulipa. Kikomo cha muuzaji wa hisa hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo: kinakulinda na bei mbaya, lakini hakiwezi kumzaa mnunuzi. Tofauti ni kwamba mwenye hisa anaweza kufuta oda yake leo na kuandika nyingine kesho, na hisa zake hazioti ukungu ghalani. Mkulima wa 2019 hakuwa na nafasi hiyo.

Kung'ang'ania kikomo kikali mno nako kuna bei yake. Mwishoni mwa 2019 hisa za CRDB zilikuwa chini ya Sh100, yaani chini hata ya zile Sh150 za mauzo ya awali. Mwishoni mwa 2024 zilikuwa zimepita Sh600. Fikiria mtu aliyezitaka wakati ule zikiwa Sh95, akaandika kikomo cha Sh90, akasubiri zishuke. Kwa kutafuta nafuu ya Sh5 angeweza kukosa ongezeko la zaidi ya mara sita. Kikomo chake kilimlinda na kitu ambacho hakikuwa hatari.

Kwa hiyo bei ya kikomo ichaguliwe kwa kufuata lengo. Anayetaka kushika hisa kwa miaka mingi, na ameridhika kwamba kampuni ni nzuri, aweke kikomo kinachogusa bei ya muuzaji wa kwanza au wa pili aliyepo, asivuke hapo. Atapata nyingi ya hisa anazotaka, na bado amejikinga na muuzaji wa tatu mwenye bei ya kukomoa. Asiye na haraka, anayenunua kidogo kidogo kila msimu, anaweza kukaa karibu na bei ya wanunuzi na kusubiri wenye haraka wamfuate. Wote wawili wametumia oda ya aina moja. Walichotofautiana ni subira.

Muda wa oda

Bei ikishaandikwa, linafuata swali la muda. Oda ya siku hufa soko linapofungwa. Oda ya tarehe maalumu hudumu mpaka siku uliyoitaja. Oda isiyo na mwisho hudumu mpaka itekelezwe, ifutwe, au ifikie ukomo uliowekwa na kanuni za dalali au soko. Zipo pia oda za masharti makali zaidi: inayotaka kitekelezwe kile kinachopatikana papo hapo na kilichobaki kifutwe, na inayotaka yote kwa mkupuo au isifanyike kabisa. Hizi mbili hutumiwa zaidi na taasisi, na mnunuzi mdogo anaweza kuishi maisha yake yote bila kuzihitaji.

Oda ya siku moja katika soko letu mara nyingi ni fupi mno, kwa kuwa muuzaji wa bei yako anaweza asitokee leo akatokea Alhamisi. Oda isiyo na mwisho, kwa upande wake, ina hatari ya kusahaulika. Umeiandika Julai, ukarudi shambani au darasani. Agosti kampuni ikatoa hesabu mbaya za nusu mwaka. Waliosoma hesabu hizo wakakimbilia kuuza, na wa kwanza waliyemkuta kwenye daftari ni wewe, ukiwa umesimama na bei ya Julai. Oda yako imetekelezwa kwa bei uliyoikubali, lakini uliikubali kabla hujajua walichojua wao.

Gawio nalo huleta mtego wa aina hiyo. Kampuni ikitangaza gawio, hutaja tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Anayenunua akachelewa tarehe hiyo hapati gawio la mwaka huo, na kwa kawaida bei ya hisa hupungua kwa kiasi kinachoelekea thamani ya gawio. Oda iliyoandikwa kabla ya tarehe hiyo kwa bei yenye gawio ndani yake inaweza kutekelezwa baada yake, na mnunuzi akalipia kitu ambacho kimeshakwenda kwa mwingine. Oda ya wiki moja, inayoangaliwa upya kila inapoisha, inatosha kwa watu wengi. Inaipa bei nafasi ya kupatikana, na inakulazimisha kufikiri tena kabla ya kuendelea.

Oda ya kuzuia hasara

Aina hii husifiwa sana katika mafunzo ya mtandaoni yanayotoka Marekani na Ulaya, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kwetu. Inasema: bei ikishuka ikafika hapa, niuzie. Umenunua kwa Sh617, hutaki kupoteza zaidi ya asilimia 10 hivi, unaweka kizingiti cha Sh560. Bei ikigusa Sh560, oda iliyokuwa imelala inaamka na kugeuka oda ya bei ya soko.

Neno la kuzingatia ni hilo la kugeuka. Sh560 ni kengele ya kuiamsha oda, wala haikuhakikishii kuuza kwa Sh560. Kama siku hiyo mnunuzi wa kwanza aliyebaki yuko kwenye Sh520, utauziwa kwa Sh520. Tarehe 6 Mei 2010 dunia nzima iliona jambo hili Marekani, soko lenye ukwasi kuliko yote. Kwa dakika chache bei ziliporomoka bila sababu ya maana, wanunuzi wakajiondoa, na hisa za kampuni ya Accenture, zilizokuwa zikiuzwa kwa takriban dola 40, zikauzwa kwa senti moja ya dola kabla bei haijarudi juu. Februari 2016 Soko la Hisa la New York likaacha kabisa kupokea oda za kuzuia hasara, pamoja na oda zisizo na mwisho, kwa sababu wawekezaji wadogo walikuwa wakizitumia bila kuelewa hatari yake. Madalali wa huko bado huzitoa kwa wateja wao kupitia mifumo yao wenyewe, lakini onyo lilishatolewa.

Katika soko lenye wauzaji na wanunuzi wachache, hatari ni mbili. Kwanza, mtu mmoja mwenye shida ya fedha akiuza hisa kumi kwa Sh560, anaweza kuamsha oda yako ya hisa 1,000, ingawa hakuna lililoharibika kwenye kampuni. Pili, habari mbaya ya kweli ikija, wanunuzi hutoweka kwa pamoja, na bei huruka kizingiti chako bila kukupa nafasi. Ipo aina iliyochanganywa, inayoamka kwa Sh560 lakini inakataa kuuza chini ya, tuseme, Sh545. Inakulinda na bei ya kutupa, lakini bei ikiruka moja kwa moja hadi Sh520 unabaki na hisa zako zote, na kinga uliyoitegemea haikufanya kazi.

Anayetaka kuitumia amuulize kwanza dalali wake kama anaipokea na inatekelezwaje. Kwa wengi wetu, kinga ya kweli dhidi ya hasara haipatikani kwenye aina ya oda. Inapatikana kabla ya kununua: kutoweka kwenye hisa fedha za ada, za mbegu au za matibabu, kugawa mtaji kwenye kampuni zaidi ya moja, na kusoma hesabu za kampuni zinapotoka. Mtu ambaye hatalazimika kuuza kwa haraka hahitaji kengele ya kumfanya auze kwa haraka.

Oda iliyoandikwa vizuri

Kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam, ambako madalali wengi wana ofisi, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Zamani umbali huo ulimlazimu mtu kupitia tawi la benki au kumwamini dalali kwa kila kitu. Siku hizi simu imeufupisha. Programu ya DSE ya Hisa Kiganjani na mifumo ya madalali humwezesha mtu wa Maswa au Meatu kuweka oda bila kusafiri. Lakini simu imehamisha pia wajibu. Zamani karani angeweza kukuuliza maswali. Sasa kosa la kidole ni lako.

Makosa ya kidole yamewahi kugharimu hata mabingwa. Desemba 2005, katika soko la Tokyo, kampuni ya Mizuho Securities ilikusudia kuuza, kwa niaba ya mteja, hisa moja ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Ikaingiza oda ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni moja. Hasara ilifika mabilioni ya yeni kabla ya siku kuisha. Namba ya hisa na namba ya bei zilibadilishana nafasi, basi.

Kwa hiyo oda iandikwe, hata kama utaitoa kwa simu. Inatosha iwe hivi: "Nunua hisa 1,000 za kampuni fulani, kwa bei isiyozidi Sh610. Oda iishe Ijumaa. Zikipatikana pungufu, chukua zilizopatikana." Ndani yake mna kitendo, kampuni, idadi, kikomo, muda, na ruhusa ya kutekelezwa kwa sehemu. Itume kwa ujumbe unaobaki kwenye simu, umwombe dalali airudie kama alivyoielewa, na baada ya muamala udai hati inayoonyesha bei, idadi na kila ada iliyokatwa. Ukiona bei imezidi kikomo chako, una ushahidi mkononi wa kuanza nao kwa dalali, na kama hakusikilizi, CMSA ipo kwa kazi hiyo.

Jukumu si la mnunuzi peke yake

Itakuwa si haki kumwachia mwananchi mzigo wote. Dalali anayepokea maneno "ninunulie za laki tano" asiishie kuitikia. Aulize bei ya juu anayoivumilia mteja, aulize muda, na amsomee mteja bei za wauzaji watatu wa mwanzo kabla ya kuweka oda. Hilo huchukua dakika moja. DSE na CMSA zinaweza kulifanya lisiwe hiari, kwa kutaka kila fomu na kila programu iwe na nafasi ya kikomo inayojazwa kwanza, na kumwonyesha mnunuzi wa kawaida kina cha daftari la oda kwa Kiswahili kinachosomeka, badala ya kumpa bei ya mwisho peke yake.

Simiyu ina mahali pa kufundishia jambo hili. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012, una mtandao wa AMCOS na SACCOS unaofika vijijini, una shule, na una viwanja vya Nyakabindi vilivyowahi kupokea Nanenane ya kitaifa. Watu wake hawahitaji kuanza na historia ya masoko ya nje. Wameishi na bei dira, wamejua maana ya kungoja mnunuzi, na wazee wao ni sehemu ya kizazi kilichojenga ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa miaka ya 1950, chini ya viongozi kama Paul Bomani, kwa sababu walichoka kupunjwa kwenye mizani na bei. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria lililoundwa mwaka 1955 lilitokana na dai rahisi: anayezalisha awe na kauli katika bei.

Katika pamba dai hilo bado halijatimia kikamilifu, na huenda halitatimia maadamu bei ya nyuzi inaamuliwa mbali. Katika hisa limeshatimia kwa kanuni na kwa mfumo, kwa mwenye hisa hamsini sawa na kwa mfuko wa pensheni. Mfumo hautazami ukubwa wa mnunuzi unapopanga oda. Unatazama bei na wakati. Kwa hiyo mtu wa Bariadi anapoandika "isizidi Sh610, mpaka Ijumaa", ameamua mwenyewe mali yake ina thamani gani na yuko tayari kusubiri kwa kiasi gani. Asimwachie mwingine uamuzi huo, na asikubali huduma yoyote isiyomuuliza.